Kabla Hujatuma "Ya Kushikilia": Kununua Kiwanja Mwabungo Bila Kulia Baadaye

"Dada, tuma hamsini tu ya kushikilia. Kuna mtu wa Nairobi yuko njiani na pesa taslimu."

Hiyo hamsini ni elfu hamsini. Nilikuwa nimesimama chini ya mnazi huko Mwabungo, saa saba mchana, simu mkononi. Namba ya dalali nimeshaiweka, kiasi nimeshakiweka, kilichobaki ni PIN.

Na pesa yenyewe haikuwa yangu. Ni ya kaka yangu. Yuko Qatar mwaka wa tano sasa, anaendesha lori la maji, na kila mwisho wa mwezi hunitumia kitu kidogo nimwekee. Aliniambia maneno machache tu: "Nitafutie pa kujenga, karibu na nyumbani, pasipo na kesi." Basi hapo ndipo nilipokuwa, nikitafuta mahali pasipo na kesi.

Nikatazama skrini kabla ya kubonyeza. Jina lililotokea halikuwa la mwenye hati niliyoonyeshwa asubuhi. Halikuwa hata la dalali.

"Ni laini ya mke wangu," akasema. "Yangu imejaa."

Ninafanya kazi kwenye kampuni ya malipo kwa simu. Kila wiki naandika vitu vya kuwakumbusha wateja wasome jina kabla ya kutuma. Lakini siku hiyo, bana, kidole changu kilikuwa tayari kwenye tarakimu ya kwanza. Ndiyo maana leo sitakupa mahubiri. Nitakuambia tu yaliyotokea, na yale niliyojifunza kwa miezi minane iliyofuata.

Kwa nini kila mtu anaulizia Mwabungo?

Kama hujafika, Mwabungo iko kwenye barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga, ukishapita Ukunda na kabla hujafika Gazi. Upande wa bahari kuna Galu na Kinondo. Ni vijiji vya Wadigo, mashamba ya minazi, mikorosho na miembe, na katikati yake sasa unaona nyumba za mawe zinachomoza, bati la rangi hapa, ukuta wa ploti pale.

Sababu ziko wazi. Diani imekuwa ghali, kwa hivyo wanaofanya kazi mahotelini wanasogea kusini. Halafu kuna barabara ya Dongo Kundu. Zamani, mtu wa bara akitaka kuja pwani ya kusini kwa gari ilikuwa lazima apange foleni ya feri ya Likoni. Siku hizi anaacha barabara ya Nairobi kabla ya kuingia mjini Mombasa, anavuka madaraja, anatokea Kibundani. Feri hajaiona hata kwa macho.

Barabara ikija, madalali hufuata. Na pale ambapo jana shamba liliuzwa kwa ekari, leo linauzwa kwa vipande vya hamsini kwa mia.

Hapo hapo pana somo la kwanza. Hamsini kwa mia ni futi 5,000 za mraba. Robo ya nusu ekari, ile watu huita "nane", ni futi 5,445. Si kitu kimoja, ingawa dalali atakuambia ni sawa tu. Hati za ardhi Kenya huandika ukubwa kwa hekta. "Nane" kamili inatakiwa isomeke karibu hekta 0.05. Hamsini kwa mia ni kama 0.046. Ukiuziwa "nane" na hati inasema 0.046, umelipia futi 445 ambazo hazipo. Hicho ni chumba kikubwa cha kulala, na bado nafasi ya choo.

Mnazi una mwenyewe

Turudi chini ya mnazi. Nikiwa bado nafikiria hiyo laini ya mke, bibi mmoja akatokea nyuma ya ua la makuti, leso mbili, kikapu kichwani. Nikamwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuangua?"

"La, bibi. Nimekuja kuangalia kiwanja."

Akatazama juu, akanitazama mimi, akamtazama dalali. "Kiwanja sijui. Lakini huu mnazi ni wangu. Na ule, na ule. Niliupanda mimi kabla ya huyu kuzaliwa."

Nilicheka nikidhani ni utani. Haukuwa utani. Kwa desturi za pwani, ardhi na kilichopandwa juu yake vinaweza kuwa na wenyewe tofauti. Shamba ni la fulani, minazi ni ya mwingine aliyeruhusiwa kupanda. Hata nyumba ni vivyo hivyo: Mombasa, mitaa kama Majengo, kuna familia zinazomiliki nyumba vizazi na vizazi huku ardhi iliyo chini ni ya mtu mwingine, wao hulipa kodi ya ardhi tu. Wenyeji wanalielewa hilo bila kuelezwa. Ni sisi wageni, na hata sisi wa Ukunda tuliolelewa mjini, tunaofikiri ukinunua ardhi umenunua kila kitu mpaka mbinguni.

Hati haiandiki minazi. Ukija na katapila, anayekuja kusimama mbele yake ni bibi wa watu. Na hata kama wakili wako atakuambia una haki, utaishi na huyo bibi kama jirani kwa miaka yote iliyobaki. Kwa hivyo uliza mapema: miti ni ya nani? Kuna makaburi? Kuna anayelima hapa? Kuna mahali pa mizimu? Kaya Kinondo, msitu mtakatifu, iko jirani tu, na ni moja ya makaya ya Wamijikenda yaliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008. Huko si mahali pa kuweka ploti, hata mtu akikuonyesha karatasi ya rangi gani.

Kisha bibi akasema neno moja zaidi, huku akienda zake: "Mwenye shamba mwenyewe tulishamzika."

Dalali akasema bibi amezeeka, anachanganya mambo.

Nikafuta namba. Sikutuma.

Karatasi safi, mwenye jina kaburini

Siku ya pili nikapanda matatu mpaka Kombani, nikaunganisha hadi Kwale mjini, kwenye ofisi ya ardhi. Nilikuwa na nakala ya hati, kwa hivyo nilikuwa na namba. Namba za huku husomeka kwa vipande vitatu: wilaya, eneo, halafu namba ya kiwanja. Kwa mfano, Kwale/Galu Kinondo na namba yake. Nikaomba upekuzi rasmi wa hati, ile watu huita "sachi".

Majibu yakatoka safi. Jina lile lile lililo kwenye hati. Hakuna mkopo wa benki, hakuna kizuizi cha mahakama, hakuna tahadhari iliyowekwa. Mtu angefurahi, si ndio? Hata mimi nilifurahi, kwa dakika kumi hivi.

Lakini rejista ya ardhi haijui kama mtu amekufa. Jina hukaa pale pale mpaka mtu alibadilishe. Nikarudi Mwabungo, safari hii bila dalali, nikaenda kwa mzee wa kijiji, kisha nyumba tatu za karibu. Wote walisema jambo moja: mwenye hati alifariki zamani. Ameacha watoto, ameacha wajukuu, na mmoja wa wajukuu ndiye anayezunguka na nakala ya hati pamoja na dalali. Wengine hawana habari.

Hapa inabidi tusimame kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapoangukia.

Mali ya marehemu haiuzwi na mtoto mmoja, wala na mjukuu mwenye haraka. Sheria ya Urithi ya Kenya inasema wazi kwamba ardhi ya marehemu haiwezi kuuzwa kabla mahakama haijathibitisha usimamizi wa mirathi. Familia za Kiislamu, ambazo ndizo nyingi huku, zinaweza kupeleka mirathi yao kwa Kadhi. Ni mpaka hapo ndipo unajua nani hasa ana haki ya kuuza.

Kwa Wadigo kuna jambo jingine la kujua. Desturi ya zamani ilifuata upande wa mama: mjomba akifa, mpwa wake wa tumbo la dada ndiye mrithi. Uislamu na sheria za serikali zimegeuza mengi, sasa watoto ndio hurithi. Lakini kumbukumbu haifutiki kwa siku moja. Unaweza kudhani umemaliza na watoto wote, kumbe kuna mpwa anayeamini shamba ni la ukoo wao. Sisemi wapwa wana haki au hawana. Nasema waulize kabla ya msingi, usingoje wakuulize wewe juu ya msingi.

Nilimpigia kaka usiku ule. Nilidhani atanishukuru. Alinyamaza, kisha akasema, "Kwa hivyo umenipotezea kiwanja." Hatukuongea vizuri kwa wiki tatu.

Hatua tulizofuata mara ya pili

Tulichukua muda, tukatafuta tena. Mara hii tulifuata mpangilio, na ndio huu:

1. Watu kwanza, karatasi baadaye. Mzee wa kijiji, majirani wa pande zote nne. Nenda bila dalali, nenda siku mbili tofauti, na usiende kama polisi. Kaa, kunywa maji, uliza habari za mvua.

2. Muone mwenye hati kwa macho. Kitambulisho chake, hati halisi na uso wake, vyote vitatu kwa pamoja. Kama ana mke au mume, naye awepo. Sheria inataka ridhaa ya mwenzi kwenye mali ya ndoa, na mwenzi aliyefichwa leo ndiye mlalamikaji wa kesho.

3. Sachi, ufanye mwenyewe. Usipokee ya dalali, hata ikiwa na muhuri. Na ukifanya leo, rudia siku chache kabla ya kulipa. Mambo hubadilika.

4. Mpima ardhi mwenye leseni. Aje na ramani ya eneo, atafute mawe ya mipaka, akuonyeshe kiwanja kilicho kwenye karatasi ndicho hicho mnachokanyaga. Mwambie akuonyeshe na njia ya kuingilia kwenye ramani. Njia inayopita kwenye shamba la jirani kwa hisani yake si njia. Siku jirani akijenga ukuta, utaingia kwako kwa ngazi.

5. Mkataba wa maandishi. Kwa sheria ya Kenya, mkataba wa kununua ardhi lazima uandikwe, utiwe saini na pande zote, na saini zishuhudiwe. Makubaliano ya mdomo chini ya mwembe, hata mbele ya watu ishirini, hayatoshi.

6. Kibali cha bodi ya ardhi. Kama ni shamba la kilimo, na sehemu kubwa ya huku bado ni hivyo, ombi la kibali linapelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Bila kibali, mauzo ni batili, na utakachobaki nacho ni deni la kudai.

7. Uhamisho wa hati. Usiseme "nimenunua" mpaka jina lako liwe kwenye rejista. Kabla ya hapo, sema "ninanunua".

Na kwa ndugu zetu walio Ghuba: hati iandikwe jina la mwenye pesa. Mimi nampenda kaka yangu, naye ananipenda, na kwa sababu hiyo hiyo jina ni lake. Kama huwezi kuja kusaini, wakili anaweza kukuandalia hati ya uwakilishi. Usitegemee "tutabadilisha ukirudi".

Simu inakusaidia wapi, na wapi haikusaidii

Hili ndilo eneo letu, kwa hivyo niseme wazi hata kama si la kutuuzia.

*Meseji ya malipo si mkataba.* Inathibitisha pesa imetoka kwako na imefika kwa fulani, tarehe fulani, saa fulani. Haisemi ni ya nini. Ndiyo maana mkataba unatakiwa utaje namba ya simu au akaunti itakayolipwa, jina lake, na kiasi cha kila awamu. Meseji na mkataba vikisomana, una ushahidi. Kimoja peke yake ni nusu ya hadithi.

*Jina kwenye skrini lilingane na jina kwenye mkataba.* Si la mke, si la kijana wake, si la "ofisi". Tuliona ni salama zaidi kulipa kwenye akaunti ya wateja ya wakili, kupitia namba ya biashara ya benki. Wakili anashika pesa mpaka hatua zikamilike.

*Jua kiwango chako.* Tangu 2023, muamala mmoja unaweza kufika Sh250,000, na akaunti ya simu kubeba hadi Sh500,000. Kiwanja cha zaidi ya hapo hakilipwi kwa siku moja kwa simu, kwa hivyo panga awamu mapema. Na muuzaji akikuambia ugawe pesa kwenye namba tano za watu tofauti "ili kupita kiwango", simama hapo hapo.

*Kurudisha pesa si bima.* Huduma ya kurudisha muamala ipo kwa ajili ya mtu aliyekosea namba. Haikuwekwa kwa ajili ya mtu aliyetapeliwa na mtu aliyemtumia kwa hiari yake. Pesa ikishatolewa kwa wakala, sisi tunaweza kusikiliza, tunaweza kukupa taarifa ya muamala upeleke polisi, lakini hatuwezi kuifuata mfukoni mwa mtu.

*Ada za serikali hulipwa serikalini.* Malipo ya eCitizen huenda kwenye namba ya biashara 222222, na namba ya akaunti ni ile iliyo kwenye ankara yako. Mtu akikuambia yeye ni afisa wa ardhi na umtumie ada kwenye laini yake ili "aharakishe", hiyo si ada.

*Weka meseji zako.* Usizifute ili kupata nafasi ya picha. Chukua taarifa kamili ya miamala, ihifadhi kwenye barua pepe, na umpe mtu mmoja unayemwamini nakala. Simu huibiwa, na kesi za ardhi huja baada ya miaka.

Gharama ambazo dalali hazitaji

Bei ya kiwanja si bei ya kuwa nacho. Ushuru wa stempu hulipwa na mnunuzi: asilimia 2 ya thamani kwa ardhi ya mashambani, asilimia 4 kwa ya mjini. Kwa kiwanja cha thamani ya Sh600,000, hiyo ni Sh12,000 au Sh24,000. Thamani hiyo hukadiriwa na serikali, hailazimiki kuwa ile mliyopatana. Muulize wakili kiwanja chako kimehesabiwa upande gani, maana miji ya huku inapanuka.

Ongeza wakili, mpima ardhi, ada za bodi na usajili. Muuzaji naye ana kodi yake ya faida ya mtaji, asilimia 15 ya faida tangu Januari 2023. Ni yake, si yako, lakini akiisahau, uhamisho wako ndio utakaokwama. Iandikwe kwenye mkataba.

Kisha kuna ardhi yenyewe. Pwani hii imekalia mwamba wa matumbawe. Kuna mahali ukichimba futi mbili unagonga jiwe, na shimo la choo linakula bajeti ya ukuta mzima. Maji nayo: kadiri unavyosogea baharini ndivyo kisima kinavyoweza kutoa maji ya chumvi. Onja maji ya jirani. Kwa kweli, omba glasi, unywe. Na hesabu nguzo za umeme kutoka ya mwisho mpaka kwako.

Tulipofikia

Baada ya miezi tulipata kingine, si mbali na kile cha kwanza. Ni kidogo, arubaini kwa themanini, cha mwalimu mstaafu anayeishi Ukunda. Bei Sh480,000. Tulilipa Sh48,000 siku ya mkataba kupitia akaunti ya wakili. Kaka alikuja likizo, akaenda mwenyewe kwenye bodi, akasaini mwenyewe. Kibali kilipotoka na hati za uhamisho kuwa tayari, tukamaliza Sh432,000 zilizobaki kwa miamala miwili siku moja. Nilisoma jina kwenye skrini mara tatu kila muamala, na kaka akinicheka pembeni.

Kina minazi miwili. Ilikuwa ya shemeji wa mwalimu. Tulikaa naye, tukapatana, tukamlipa, na minazi yote miwili imeandikwa kwenye mkataba.

Kile cha kwanza? Mtu mwingine alituma ya kushikilia. Nilipita huko mwezi uliopita. Pana nguzo nne na rundo la kokoto lililoota nyasi, na sikuona fundi. Bibi alikuwa anaangua madafu yake. Nikamwamkia, akanipa moja, hakutaka pesa.

Kama leo uko mahali fulani na simu mkononi, na kuna mtu anakuambia kuna mwingine yuko njiani, mwache huyo mwingine afike. Wewe soma jina kwenye skrini kwanza. Halafu mtafute jirani, umuulize mwenye shamba yuko wapi.